Altare Kwenye Ngazi Zangu

Ijumaa, 11 Juni 1954

Nimemdanganya Mama. Sikukusudia! Nilikuwa kwenye simu ya duka la dawa, joto la kukausha nguo, foleni nyuma yangu, mwanangu Zdenka begani anatafuna waya wa simu. Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayemwita ng'ombe ng'ambo ya bonde, kama bado naishi kwenye droo. Ndivyo anavyoziita nyumba zetu tangu siku ya harusi. Droo za kabati: zimepangwa, zimebanwa, watu ndani kama soksi. Tangu siku ile hajakanyaga tena Baltimore. Huko kwao Virginia jirani akipiga chafya humsikii mpaka kesho yake.

Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba Jumapili ya tarehe 20 maandamano ya Ekaristi yatasimama mlangoni kwangu. Kwamba altare ya mtaa itawekwa kwenye ngazi zangu.

Kisha Mama akasema atapanda treni aje aone.

Mungu wangu!

Ukweli ni kwamba altare huwekwa kwenye ngazi za Bi Hedvika, jirani yangu wa ukuta mmoja, tangu kabla sijazaliwa. Lakini mwaka huu tuna padri mpya, Padri Kubesh, na ametangaza kanisani kwamba Ijumaa ijayo atapita mwenyewe kuchagua nyumba yenye uso unaostahili. Kwa hiyo si uongo hasa. Ni ukweli ambao haujafika.

Tatizo ni kwamba nyumba zote za upande wetu zina uso mmoja. Matofali yaliyopakwa rangi nyekundu, dirisha moja chini, mawili juu, ukingo wa mbao wa kuchongwa unaokimbia chini ya paa toka kona hadi kona bila kukatika, na ngazi tatu za marumaru nyeupe zinazoshuka hadi barabarani. Milango yangu na ya Bi Hedvika imekaa pamoja kama macho mawili. Kati ya ngazi zake na zangu hapiti hata paka mnene. Kilichobaki cha kushindania ni weupe wa ngazi.

Nilipomwambia mume wangu Ota, kijiko kilibaki hewani. Akauliza kwa nini nisimpigie Mama nikamwambia kweli. Wanaume!

Jumamosi, 12 Juni

Siku ya kusugua. Mtaa mzima tumepiga magoti, ndoo na jiwe la kusugulia miguu, matako yote yameelekea barabarani. Bi Hedvika ana miaka sabini na goti bovu, na bado alikuwa amemaliza mimi nikiwa ngazi ya pili. Ngazi zake zinang'aa kama sukari ya juu ya keki ya harusi. Zangu zina kijivu kisichotoka. Nilisinzia katikati ya kazi, paji la uso juu ya marumaru. Ilikuwa ya baridi, tamu sana.

Bi Hedvika alinigutua. Akasema nasugua kama mtu anayembembeleza paka. Mabibi wakacheka mpaka kona. Kisha akamwinamia Zdenka akamwambia, mwambie mama yako marumaru haiogopi mtu asiyetoka jasho. Nikatabasamu kwa meno yote.

Lakini nina akili zangu. Nyumbani Mama alikuwa akisafisha birika kwa siki, gamba lote linatoka. Nimenunua chupa za kutosha. Nimelowesha magunia, nimeyatandaza kwenye ngazi, nimewaambia watu ni kwa ajili ya joto. Kesho nitakuwa na ngazi nyeupe kuliko hostia!

Jumapili, 13 Juni

Sina.

Niliinua magunia asubuhi. Ngazi zimefifia kama meno ya mvuta kiko. Zilikuwa laini, sasa zinakwaruza kiganja kama ulimi wa ng'ombe.

Bi Hedvika akatoka na kofia yake ya misa. Akanusa. Akauliza kama tunafungua duka la kabichi ya kuchachusha. Kisha akaona, akaacha kutania. Akasema siki inaila marumaru kama panya anavyokula jibini, na kwamba jambo hilo hata mtoto wa mtaa huu analijua.

Mtoto wa mtaa huu. Nina miaka miwili hapa. Nimezalia kitanda cha ghorofani, juu ya vichwa vyao. Bado kwao mimi ni yule msichana wa shamba wa Ota. Misa nzima sikusikia neno.

Jumatatu, 14 Juni

Sikati tamaa. Kabatini nimekuta dawa nyeupe ya viatu, Ota aliinunua kwa ajili ya viatu vya harusi. Nikapaka ngazi zote tatu kwa kitambaa, safu baada ya safu. Saa sita mchana zilikuwa nyeupe kuliko za Bi Hedvika! Nikavuka barabara nizitazame kwa mbali, kama mgeni. Machozi yalinilengalenga.

Muda huohuo Zdenka akatambaa mlangoni na kukaa ngazi ya chini. Nilipomnyanyua alikuwa na duara mbili nyeupe matakoni, kama mwezi mpevu mara mbili. Alikuwa ameanza kulamba vidole. Nikamwosha kinywa, akalia, nikamwambia kwa upole lakini kwa mkazo kwamba nyumba hailiwi. Akaniuma kidole kwa jino jipya.

Alasiri ikanyesha. Mvua ya Baltimore haipigi hodi. Dawa ikashuka ngazi kwa ngazi, ikavuka mbele ya mlango wa jirani, ikaelekea mtaroni, mto mweupe kabisa. Dirisha la Bi Hedvika likafunguka.

"Mama Zdenka! Hebu punguza moto, maziwa yako yamemwagika!"

Mtaa mzima ulisikia. Mtu wa kona alikuwa bado anacheka Ota aliporudi kazini.

Jumanne, 15 Juni

Habari kubwa! Nikiwa kwenye foleni ya mikate, mbele yangu alisimama bwana mmoja mwenye kofia ya majani na sanduku. Bwana Thurlow. Anauza mawe yasiyo mawe. Ni saruji: wanaipaka ukutani juu ya wavu, wanaitia rangi, wanaichora mpaka unaapa ni ngome ya mfalme. Mitaa ya kule karibu na bandari yote imevaa. Hupaki rangi tena maisha yako yote. Na kila mtaa mpya wanampa mtu mmoja kionjo bure, kuanzia chini hadi kizingiti cha dirisha, ili majirani wasilale kwa wivu.

Wasilale kwa wivu! Mtu huyu katumwa kwangu.

Mafundi wake watapita Alhamisi asubuhi. Akauliza wataijuaje nyumba, maana huku kwetu zote ni moja. Mtu aliyelala usiku angetaja namba ya mlango. Mimi sikulala, na namba ilinitoka kabisa. Nikataka kumwambia ni ile yenye ngazi zilizofifia. Nyuma yangu alikuwa Bi Rozina, mdomo wa mtaa, masikio yamesimama. Ningelisemaje neno hilo mbele yake?

Nikasema: ni ile yenye ngazi nyeupe kuliko zote.

Nikachukua mkate wangu nikaondoka kichwa juu.

Jumatano, 16 Juni

Sijamwambia Ota. Zdenka jino la pili. Nimelala kwa kukaa, mara tatu. Kila mara nimeota ngome.

Alhamisi, 17 Juni

Sikukuu yenyewe ya Mwili wa Kristo. Mtaa mzima misani, hata mbwa wa kona. Baada ya misa kina mama tulibaki kupiga pasi vitambaa vya Jumapili. Nilipiga pasi haraka haraka.

Nikatangulia kurudi na kigari cha mtoto. Toka kona nikayaona: mawe! Ya kijivu, ya waridi, mengine rangi ya soseji. Yanafuka mvuke kwenye jua, mabichi kabisa. Nikaanza kukimbia.

Nikasimama.

Hayakuwa kwangu. Kwangu palikuwa vilevile, ukuta mwekundu na ngazi zilizofifia. Mawe yalikuwa upande wa pili wa bomba la mvua lililo kati yetu. Kwa Bi Hedvika. Mafundi wamekuja, wametafuta ngazi nyeupe kuliko zote, wamezipata, wamepiga kazi, wameondoka.

Bi Hedvika akafika na kikapu cha vitambaa. Akasimama mbele ya nyumba yake. Nilingoja kelele. Bibi huyu hupiga kelele akikuta jani moja mlangoni. Akaingia ndani na kufunga mlango taratibu, kama mlango wa mtu mwingine.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Nilifurahi. Nilichemsha kahawa nikapiga hesabu: kesho Padri Kubesh ataona ule ukuta wa soseji, atageuka, ataona wangu. Mshindi ni mimi, na sikunyanyua hata kidole!

Lakini ukuta kati yetu ni wa tofali jembamba. Nasikia saa yake, kikohozi chake, kijiko chake kwenye kikombe. Ngazi zake za ndani zinapanda zikiegemea ukuta huohuo unaoegemewa na zangu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi zangu na kahawa yangu, nikamsikia naye anakaa kwenye zake. Mgongo kwa mgongo, tofali katikati. Akaanza kulia. Polepole, kama mtu asiyetaka kusumbua majirani.

Kahawa ikawa chungu.

Nikambeba Zdenka. Nikashuka ngazi tatu, nikapanda ngazi tatu. Nikagonga. Nikamwambia yote, Bwana Thurlow, foleni, ngazi nyeupe kuliko zote. Nikamwambia na habari ya Mama. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniita majina ya Kicheki ambayo sijayasikia tangu babu yangu alipokanyagwa na farasi. Zdenka alidhani ni wimbo, akapiga makofi.

Alipomaliza alijifuta uso, akafunga kitambaa kichwani, akauliza kama mume wangu ana koleo.

Ota alirudi kazini akakuta wanawake wawili tunang'oa nyumba. Hakuuliza kitu. Ndiyo maana niliolewa naye. Akang'oa misumari ya wavu upande wa juu, tukashika sote watatu, tukavuta. Saruji ilikuwa bado mbichi. Ikashuka yote kwa mpigo mmoja, kama blanketi lililolowa, na rangi nyekundu ya miaka yote ikabanduka nayo vipande vipande.

Chini yake kulikuwa na matofali.

Namaanisha matofali yenyewe. Sikuwa nimewahi kuyaona. Si mekundu hata kidogo. Ni rangi ya ukoko wa mkate, mengine yamekolea, mengine yameiva kidogo tu, na kati ya tofali na tofali mstari mwembamba kama uzi. Bi Hedvika akaweka kiganja. Akasema hajayaona tangu alipokuwa bibi harusi.

"Bohumil aliyapaka rangi bila kuniuliza," akasema. "Mtaa wote ulikuwa unapaka, na yeye huyo. Sikumsemesha wiki nzima."

Nikasema Mungu amrehemu mumewe.

"Amrehemu, ndiyo. Lakini tazama alichokifunika, punda yule!"

Akacheka mpaka akashika bomba la mvua. Kisha akanikabidhi kikwangulio. Rangi iliyobaki, akasema, ni ya kwako.

Ijumaa, 18 Juni

Nimekwangua tangu alfajiri. Nywele nyekundu, pua nyekundu, Zdenka ndani ya kapu la nguo, mwekundu kama kaa aliyechemshwa, ana furaha isiyo kifani.

Padri Kubesh akapita jioni. Kijana, mnene kidogo, analoa jasho kwenye kanzu. Akaona lundo la saruji. Akaona ukuta nusu umevuliwa nguo. Akaona ngazi zangu, akazitazama kidogo kwa huruma, kama mtu anavyotazama mbwa mwenye miguu mitatu. Akasema kwa adabu sana kwamba pengine mwaka huu altare iende ng'ambo ya barabara, kwa Kroupa mwoka mikate, ambako pamepakwa rangi juzi.

Ng'ambo!

Nilihisi Mama anapanda treni.

Bi Hedvika akainuka na goti lake bovu. Akamwambia Padri atazame vizuri hizo nyumba za ng'ambo. Ukingo wao wa paa ni bati, si mbao. Ngazi zao ni mbao, si marumaru. Wamezipaka rangi nyeupe wakidhani Mungu ana macho mabovu. Je, Bwana wetu atawekwa juu ya mbao za kujifanya?

Padri akasema Bwana wetu alilazwa horini.

"Nafasi haikuwepo, Padri! Hapa ipo!"

Bi Hedvika akamshika mkono wa kanzu, akamsogeza hadi kwenye bomba la mvua. Akamwonyesha ngazi yake ya juu na ngazi yangu ya juu, usawa mmoja, fundi mmoja, siku moja. Akamkumbusha kwamba meza ya altare ni pana kuliko ngazi za nyumba yoyote ya mtaa huu. Kila mwaka miguu miwili husimama kwake, miwili juu ya matofali yaliyopangwa chini, na mwaka jana mshumaa ulidondoka ukamchoma mtumishi wa altare mkono wa shati. Weka ubao juu ya ngazi zake na zangu, akasema, na meza haitatikisika hata akipita tembo.

Zake na zangu! Nilitazama nyuma kuona kama amesema na mtu mwingine.

Padri akajifuta paji la uso, akasema na iwe hivyo, akaondoka kabla hajashikwa tena. Nikaanza kushukuru. Bi Hedvika akanikata kauli: nisione meno yake nikadhani anacheka. Nitasugua ngazi zake na zangu mpaka theluji ianguke. Nikakubali kabla hajamaliza.

Kisha nikamuuliza, kwa unyenyekevu, tutafanya nini kuhusu ngazi zangu zilizofifia, kuna siku moja tu imebaki.

Akasema Jumapili ngazi zote hufunikwa. Kitambaa cheupe hadi chini, majani, maua ya peoni ndoo kwa ndoo. Marumaru haionekani hata ukucha. Haijawahi kuonekana.

Nikakaa chini.

Nilipaswa kujua. Lakini mwaka jana nilikuwa na mimba, natapika ghorofani, nilisikia kengele tu. Wiki nzima! Siki, dawa ya viatu, mawe, koleo. Kwa kitu cha kufunikwa kitambaa. Niliuliza kwa nini basi yeye husugua mpaka goti limekufa. Akasema kwa sababu ni Jumamosi.

Jumamosi, 19 Juni

Nimesugua ngazi sita. Mikono siihisi. Bi Hedvika alikaa kivulini anakula barafu ya sharubati na kunielekeza kwa kijiko. Ananiambia nimeanza kutoka jasho. Nadhani ilikuwa sifa.

Jumapili, 20 Juni

Mama alishuka kwenye treni na kofia ya mazishi, mayai yamefungwa kwenye gazeti, na bata. Bata mzima! Njia nzima aliuliza nyumba zinapumulia wapi.

Halafu tukakunja kona. Ngazi zangu na za Bi Hedvika zilikuwa mlima mmoja wa maua, mishumaa haitikisiki, meza imesimama kama kanisa. Juu yake ule ukingo wa mbao unakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa mtaa, na watu wamejaa kila dirisha, shuka nyeupe zimening'inizwa. Mama akanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, akanyamaza.

Maandamano yakaja. Wasichana wanamwaga maua, Padri Kubesh chini ya mwavuli wa dhahabu, amelowa kama samaki. Akasimama kwetu. Mtaa wote ukapiga magoti juu ya lami. Mama naye, na kofia yake. Zdenka akala ua moja la peoni na kusema neno lake la kwanza, ambalo halikuwa neno.

Baadaye Mama akasogea kwenye ule ukuta uliokwanguliwa, akaupapasa. Akauliza: haya matofali mazuri ndiyo ya kwako?

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imeshafika ulimini. Bi Hedvika alikuwa ananitazama, mikono kiunoni. Nikasema hapana, Mama, ya kwangu ni ile yenye rangi.

Jioni tulikaa nje wote, kila mtu kwenye ngazi zake kama ilivyo desturi, kaa wa pilipili juu ya magazeti. Bi Rozina akapita akauliza yule mama mwenye bata ni nani. Bi Hedvika akajibu kabla yangu.

"Ni bibi yake Zdenka. Mama wa Mama Zdenka wetu."

Wetu! Nilivunja mguu wa kaa kwa nguvu mno, ukamrukia Ota.

Mama aliegemea ukuta akasikiliza mtaa unavyocheka kutoka mlango hadi mlango. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwenye droo mtu hakosi joto.

Jumatatu, 21 Juni

Nimemsindikiza Mama stesheni. Tumekumbatiana. Nimejisikia mtu mzima, mtulivu, mwenye kujua mambo. Nikaapa moyoni kwamba tangu leo nitasema yaliyopo tu.

Treni ikaanza kusogea. Mama akatoa kichwa dirishani akasema ameupenda mtaa, atarudi Krismasi. Akauliza Krismasi mnafanya nini huku.

Nikamweleza yaliyopo: kila nyumba huweka dirishani kijiji kidogo, milima ya karatasi, kanisa, treni ya kuchezea inazunguka. Ni kweli tupu. Hapo ningenyamaza.

Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba kijiji kikubwa kuliko vyote vya mtaa, chenye treni tatu na daraja na ziwa lenye maji halisi, huwa dirishani kwangu.

Mama akapunga mkono akasema atawaleta na shangazi zangu.

Ota hana hata behewa moja. Lakini sina wasiwasi, kuna miezi sita. Na leo jioni nimesimama ng'ambo ya barabara nikatazama vizuri. Dirisha langu na la Bi Hedvika ni ya fundi mmoja, kipimo kimoja, yamepakana. Usiku, theluji ikianguka, taa zimewaka, nani anaweza kujua lipi ni la nani?

Shangazi zangu hawavai miwani. Kesho nampelekea Bi Hedvika keki ya plamu, nimuulize taratibu marehemu Bohumil aliacha treni ngapi.